Maofisa waandamizi, vita dhidi ya uasi na Asia: maswali tunayoulizwa kila mara

Kazi yangu ni kuandaa masomo kuhusu vita vya uasi barani Asia na kuongoza mijadala ya maofisa wa ngazi za juu. Mara nyingi mimi ndiye raia pekee chumbani. Maswali yanayokuja ni yale yale, kutoka kwa washiriki, kwa waandishi wa habari, hata kwa shemeji zangu wanaotaka kujua mtu ambaye hajawahi kupiga risasi anawafundisha nini makanali. Nimeyakusanya hapa. Majibu ni yangu, hayasemi kwa niaba ya jeshi lolote wala chuo chochote.

Ofisa mwandamizi ni nani hasa?

Hapa namaanisha luteni kanali anayekaribia kupanda, kanali, na brigedia jenerali. Meja anapitia ukamanda na unadhimu, kama pale Duluti, Arusha: anajifunza kupanga operesheni, kuandika amri, kupiga hesabu za mafuta, maji na risasi. Vyuo vya taifa vya ulinzi ni ngazi nyingine. Kunduchi, Dar es Salaam, kilichoanza 2012, na kile cha Karen, Nairobi, kilichofunguliwa 1997, vinawakalisha darasa moja wanajeshi, polisi, watu wa usalama na maofisa wa wizara.

Luteni anahitaji kujua namna ya kuvizia. Kanali anahitaji kujua kwa nini wanakijiji waliojua kuwa luteni ataviziwa walinyamaza. Hayo ni masomo mawili, na la pili halifundishiki uwanjani.

Waasi tunao hapa hapa Afrika. Kwa nini mnatupeleka Asia?

Kwa sababu ukiweka Kivu au Cabo Delgado mezani, nusu ya watu chumbani walikuwa huko. Mmoja amemzika rafiki yake. Mwingine anatoka nchi inayotuhumiwa na nchi ya jirani yake wa kiti. Mjadala unageuka utetezi ndani ya dakika kumi. Ukileta Malaya ya 1951 (leo ni sehemu ya Malaysia), Waingereza wakipigana na waasi wa kikomunisti, hakuna mwenye ndugu wa kumtetea, watu wanasema wanachokiona. Baada ya wiki mbili wenyewe wanaanza kuirudisha Kivu mezani, safari hii kwa utulivu.

Halafu kuna jambo la kumbukumbu. Nyaraka za vita vya Malaya au Vietnam zimefunguliwa kwa wingi, wapiganaji wa pande zote wameandika waliyoyaona, na tunajua mwisho ulikuwaje. Vita vyetu vingi bado vinaendelea, na mafaili yamefungwa.

Na tusisahau kwamba Asia si ugenini kwetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, mvua ikinyesha na barabara zikigeuka tope, hadi kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Miaka minane baadaye vikosi vya Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya na Nyasaland vilikuwa kwenye misitu ya Malaya vikiwasaka wakomunisti. Wapo washiriki ambao babu zao walirudi na medali za huko, na hawakuwahi kuambiwa vita vile vilihusu nini.

Uasi na ugaidi vina tofauti gani?

Muasi anataka kutawala watu wale wale mnaowagombania: anatoza kodi, anaamua kesi, anateua viongozi wake kijijini. Ugaidi ni njia, na muasi anaweza kuitumia au asiitumie. Ukimwita kila mmoja gaidi, unaacha kuuliza ni nani anayekusanya kodi usiku. Basi, tusipoteze muda kwenye maneno.

Somo la Malaya linafundishwaje?

Huwa ninaanza na kopo la samaki. Naliweka mezani, tupu, lina tundu juu. Katika vijiji vipya vya Malaya, ambako watu walihamishiwa ili wasiwalishe waasi, mwenye duka alilazimishwa kulitoboa kopo la chakula kabla ya kumkabidhi mnunuzi. Kopo lililotobolewa huliwa siku hiyo hiyo. Huwezi kulificha kwenye ndoo ya utomvu, ukalipeleka msituni, likakaa wiki. Sehemu nyingine wali ulipikwa kwenye jiko moja la kijiji kizima, mchele mkavu haukuuzwa kabisa, maana wali katika joto lile unachacha upesi. Alfajiri wagema mpira walipanga foleni langoni wakapekuliwa mmoja mmoja, wanawake na askari wa kike, kisha wakatoka kwenda mashambani bila tonge la kumgawia mtu.

Nauliza: amri ya kutoboa kopo ilitoka kwa nani? Karibu kila mara jibu la kwanza ni "jeshi". Siyo. Ilitoka upande wa utawala wa kiraia, kwenye kanuni za chakula, na kusimamiwa na polisi. Uratibu wote ulipita kwenye kamati za vita za jimbo na za wilaya. Ya wilaya iliongozwa na mkuu wa wilaya, na kamanda wa jeshi alikaa humo pamoja na mkuu wa polisi, akisubiri zamu yake ya kusema. Hapo ndipo baadhi ya makanali hukunja nyuso. Kukaa chini ya mkuu wa wilaya katikati ya vita! Mjadala unaanza.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Tarehe 16 Juni 1948 wazungu watatu wenye kazi za mashamba ya mpira waliuawa karibu na Sungai Siput, na serikali ya kikoloni ya Uingereza ikatangaza hali ya hatari. Adui alikuwa Chama cha Kikomunisti cha Malaya chini ya Chin Peng, ambaye miaka michache nyuma alishirikiana na Waingereza hao hao dhidi ya Wajapani. Miaka miwili ya mwanzo jeshi lilifanya lilichokijua: vikosi vikubwa kuingia msituni kwa mstari, kelele nyingi, waasi wamekwishaondoka. Tarehe 12 Desemba 1948, huko Batang Kali, askari wa Scots Guards waliwaua wanakijiji 24 wasio na silaha. Hiyo nayo imo ndani ya somo. Anayefundisha Malaya bila Batang Kali anafundisha tangazo la biashara.

Mwaka 1950 alikuja Harold Briggs, jenerali mstaafu aliyepigana Burma. Hoja yake ilikuwa nyepesi: waasi wanakula kwa maskwota wa Kichina (watu waliojikalia kwenye ardhi isiyo yao) walioko pembezoni mwa msitu, basi wahamishwe maskwota. Watu wapatao 500,000 walihamishiwa vijiji vipya vyenye uzio wa seng'enge. Matunda hayakuonekana mara moja. Oktoba 1951 waasi walimuua kwa kumvizia barabarani Henry Gurney, Kamishna Mkuu mwenyewe. Februari 1952 akaletwa Jenerali Gerald Templer, akakabidhiwa utawala wa kiraia na wa kijeshi kwa pamoja.

Templer ndiye anayehusishwa na ule usemi wa kuteka nyoyo za watu, ambao kila ofisa ameukuta kwenye slaidi ya mtu. Sasa tazama alichofanya Tanjong Malim, Machi 1952. Baada ya shambulio lililoua watu 12 karibu na mji huo, aliwawekea wakazi amri ya kutotoka nje saa 22 kwa siku na kuwakatia posho ya mchele. Kisha kila kaya ikapewa karatasi ya kuandika inachojua kuhusu waasi, bila jina. Masanduku yalifungwa kwa kufuli, na wawakilishi wa mji wakaenda Kuala Lumpur kushuhudia yakifunguliwa. Watu kadhaa wakakamatwa, amri ikaondolewa.

Nawagawa washiriki pande mbili na kuwaachia saa nzima. Je, ile ilikuwa adhabu ya pamoja? (Ilikuwa.) Je, ilileta taarifa? (Baadhi.) Lile sanduku na ile njaa, kipi kilifanya kazi? Hapa sina jibu la kuwapa, na sitaki kuwa nalo.

Lakini Waingereza walishinda, si ndiyo?

Chama cha Kikomunisti kilishindwa, ndiyo. Hali ya hatari ilifutwa 31 Julai 1960, waasi takriban 6,700 wakiwa wameuawa, pamoja na askari na polisi zaidi ya 1,800 na raia karibu 2,500. Lakini Malaya ilipata uhuru 31 Agosti 1957, na kuanzia hapo Chin Peng alikuwa anapigana na serikali ya Wamalaya wenyewe kwa jina la ukombozi. Hoja ilikuwa imemtoka mikononi. Yeye mwenyewe hakutia saini ya amani hadi Desemba 1989, kule Hat Yai, Thailand.

Kwenye ubao huwa naandika mambo ambayo hakuna jenerali aliyeyatengeneza. Waasi walikuwa kwa sehemu kubwa Wachina, katika nchi ambayo Wamalay, kabila la wenyeji, walikuwa wengi zaidi na hawakuwaunga mkono. Hakukuwa na nchi jirani iliyowapa silaha. Na vita vya Korea vilipandisha bei ya mpira na bati, serikali ikapata fedha za kujenga vijiji. Futa mambo hayo matatu uone kinachobaki cha mpango wa Briggs.

Kwa nini vijiji hivyo hivyo vilianguka Vietnam?

Robert Thompson, aliyekuwa mtu wa ulinzi katika serikali ya Malaya, aliongoza ujumbe wa washauri wa Uingereza mjini Saigon kuanzia 1961. Mwaka 1962 Rais Ngo Dinh Diem na mdogo wake Nhu wakaanzisha vijiji vya kimkakati. Kwenye ramani ni kitu kile kile: uzio, lango, mgambo.

Chini ya ramani kuna ardhi. Skwota wa Malaya alikuwa amekaa mahali asipopamiliki, mara nyingi tangu njaa ya wakati wa Wajapani. Kijiji kipya kilimtesa, lakini baada ya muda kilimpa kiwanja, mara nyingine na hati. Mkulima wa Vietnam alikuwa na shamba lake la mpunga, na makaburi ya wazee wake yakiwa pale pale. Ukimhamisha, humpi kitu, unamnyang'anya. Halafu Nhu alitaka haraka. Malaya ilienda kwa hatua, wilaya baada ya wilaya. Saigon ilitaka maelfu ya vijiji kwa mkupuo, na maofisa wa mikoa wakajifunza kuripoti vijiji vilivyokuwa uzio mtupu.

Kuna kichekesho kichungu ambacho darasa hukikumbuka kuliko vyote: mmoja wa wasimamizi wakuu wa mpango huo, Kanali Pham Ngoc Thao, alikuwa jasusi wa wakomunisti. Diem aliuawa Novemba 1963 na mpango ukaporomoka naye.

Na Kenya? Huko si mpango huo huo ulitumika?

Ulitumika, na washiriki kutoka Kenya huuliza kabla sijafika huko. Kuanzia 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walisukumwa kwenye vijiji vyenye mahandaki na uzio. Uzoefu wa Malaya ulikuwa umekwishawafikia watawala wa Nairobi. Tofauti ni kwamba Kenya ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi. Kumfungia mtu kijijini huku shamba lake la zamani likilimwa na mlowezi hakukuwa dawa ya ugonjwa, ilikuwa ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa katika hali ile ya hatari, jumla ya pauni milioni 19.9. Nawaambia maofisa waiweke hesabu hiyo karibu: kesi ilikuja karibu miaka 60 baadaye, na mafaili yaliyodhaniwa kupotea yalipatikana ghalani. Kanali anayeandika amri leo, mjukuu wake anaweza kuisoma mahakamani.

Vita gani unavyopenda kuvifundisha zaidi?

Dhofar, kusini mwa Oman. Oman ni Asia, ingawa wenzetu wengi wa pwani hawaihesabu hivyo, kwa kuwa kila mtu ana shangazi huko.

Sultani Said bin Taimur aliiongoza nchi kwa kufuli. Uasi uliposhika milima ya Dhofar katikati ya miaka ya 1960, aliwaadhibu wenyeji kwa kuwafukia visima. Kufikia 1970 jebali, yaani milima hiyo, karibu lote lilikuwa mikononi mwa waasi, ambao kwa wakati huo walikuwa wamekuwa wafuasi wa Marx, wakipata msaada kupitia Yemen Kusini, na China ikiwapa silaha. Serikali ilibaki na mji wa Salalah nyuma ya uzio. Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos alimpindua baba yake, Waingereza wakiwa nyuma yake.

Hatua zake za mwanzo ndizo kiini cha somo. Alitoa msamaha. Muasi aliyeshuka hakupelekwa jela, aliulizwa kama yuko tayari kupigana upande huu, chini ya wakubwa wa kabila lake, kwenye milima yake mwenyewe. Vikosi hivyo viliitwa firqat. Kila firqa iliposhika eneo lake, mtambo wa kuchimba kisima ulifuata nyuma. Maji yakipatikana, kinafuata kituo: zahanati, duka, shule, msikiti. Watu wa jebali ni wafugaji, hivyo anayeshika maji ameshika ng'ombe, na anayeshika ng'ombe ameshika wenye ng'ombe.

Sasa kile kipande ninachokipenda. Katika operesheni kubwa ya Oktoba 1971 jeshi lilipanda jebali, na katikati ya kazi firqat wakakataa kupigana mwezi wa Ramadhani, ingawa walipewa ruhusa ya kidini. Waingereza wakachanganyikiwa. Kisha firqat wakaja na dai jingine: mifugo yao haina soko, serikali iwasaidie kuishusha wauze. Jeshi likaswaga mbuzi na ng'ombe kutoka mlimani hadi uwandani, ndege za kivita zikilinda juu. Mshiriki mmoja, mtoto wa mfugaji, alicheka hadi machozi, halafu akasema, "Hapo ndipo waliposhinda." Sijui kama ni hapo, lakini sijapata sentensi nzuri zaidi ya kufungia somo hilo.

Kulikuwa na mengine: askari wa Iran kuanzia 1973, mafuta yaliyopanda bei mwaka huo, China iliyoacha kuwasaidia waasi baada ya kutambuana na Iran, na mistari ya seng'enge na mabomu ya ardhini iliyokata njia za ngamia kutoka mpakani. Vita vilitangazwa kwisha Desemba 1975. Tena Qaboos aliwaita Waomani wa nje warudi. Wengi walikuwa wamezaliwa au kusoma Zanzibar na Afrika Mashariki, wengine wakiwa wamekimbia baada ya 1964, na ndio waliojaza ofisi za nchi isiyokuwa na wasomi. Serikali iliyochimba visima ilihitaji makarani, wauguzi na mafundi, na sehemu yao waliongea Kiswahili nyumbani.

Sri Lanka ilimaliza kwa nguvu tupu. Kwa nini tusifanye hivyo?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, wakati wa chai. Basi tulijibu hadharani.

Ni kweli kwamba Mei 2009 jeshi la Sri Lanka liliwamaliza Tamil Tigers, waasi wa Kitamili, na kumuua kiongozi wao Velupillai Prabhakaran, baada ya vita vilivyoanza 1983. Lakini nguvu hazikuwa tupu. Machi 2004 kamanda wao wa mashariki, Karuna, alijitenga na wapiganaji wake. Jeshi la majini lilizizamisha baharini meli zilizobeba silaha zao mwaka 2007. India, iliyowahi kuwasaidia Watamili, ilikuwa imefunga mlango tangu Rajiv Gandhi auawe Mei 1991. Na nchi yenyewe ni kisiwa. Nani kati yetu ana kisiwa? Mwenye mpaka wa msitu wa kilomita mia nane hawezi kununua ushindi huo hata akiwa tayari kulipa bei yake.

Na bei ni hii: jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2011 lilisema huenda raia hadi 40,000 walikufa katika miezi ya mwisho. Serikali inalikataa hilo. Ofisa anayeitaka njia hiyo namtaka aandike kwa mkono wake, kwenye karatasi ya amri, mstari unaoruhusu jambo hilo. Hadi leo hakuna aliyeandika.

Kuna uasi uliokwisha kwa mazungumzo?

Mwingi. Mizoram, kaskazini mashariki ya India, ndiyo ninaitumia. Uasi ulilipuka mwaka 1966, na ndege za jeshi la India ziliushambulia mji wa Aizawl, ndani ya nchi yao wenyewe. Wanakijiji wakakusanywa kwenye vijiji vya pamoja vilivyolindwa, kama Malaya. Miaka 20 baadaye, Juni 1986, yakatiwa saini makubaliano, Mizoram ikawa jimbo kamili 1987, na Laldenga, kiongozi wa waasi, akawa waziri mkuu wa jimbo. Na ni huko huko Mizoram, Vairengte, ambako India ina shule yake ya vita vya msituni na dhidi ya uasi.

Aceh, Indonesia, ni kisa kingine. Kundi la GAM, lililotaka Aceh ijitenge, lilipigana tangu 1976. Tsunami ya 26 Desemba 2004 iliharibu kila kitu, na Agosti 2005 pande mbili zikasaini amani Helsinki. Waasi walikabidhi silaha 840 na kuruhusiwa kuunda vyama vya siasa vya kwao. Irwandi Yusuf, mtu wa GAM aliyetoroka gerezani pale tsunami ilipobomoa kuta, alichaguliwa gavana Desemba 2006. Makanali hukiona kisa hiki kigumu kuliko cha Malaya. Kumpigia saluti mtu uliyemsaka miaka 20 ni kazi ambayo gwaride halikuandai.

Mao, yule kiongozi wa mapinduzi ya China, bado anasomwa?

Anasomwa, na kwetu Tanzania si mgeni. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea na wakufunzi Wachina walikuwepo. Ule mfano wa samaki na maji, kwamba mpiganaji anaishi ndani ya watu kama samaki majini, wazee wengi wa jeshi waliujua kabla ya kuusoma popote. Jambo ninaloliongeza ni kwamba Mao aliandika kuhusu nchi kubwa iliyovamiwa na Wajapani. Aliyempeleka Mao Bolivia au kwenye mtaa wa mji alikuwa anafanya kosa lile lile la Nhu, kwa upande wa pili.

Kitabu cha mwongozo cha Marekani cha 2006 kuhusu vita dhidi ya uasi kinatosha?

Kile kilichoandaliwa chini ya Jenerali Petraeus pale Fort Leavenworth kilitoka Desemba 2006, na kiliandikwa na watu waliosoma Malaya na Algeria kwa makini. Kilihitajika kwa sababu baada ya Vietnam jeshi la Marekani lilikuwa limelipa kisogo somo hili karibu kizazi kizima. Kisome. Kisha ukumbuke kwamba Kabul ilianguka 15 Agosti 2021. Mwongozo unaweza kuwa sahihi sura kwa sura na bado usiwe na serikali ya kuusimamia, maana mgeni hawezi kuteka nyoyo kwa niaba ya mwenye nyumba asiyezitaka.

Nimepangiwa kwenda kusoma Asia. Niende Delhi, Beijing, Quetta (Pakistan) au Dhaka?

Nenda unakopelekwa, huna uchaguzi mkubwa hapo! Ila fahamu kwamba kila mwenyeji anafundisha vita alivyovipenda. India itakuonesha Mizoram kwa fahari na itapita Kashmir kwa haraka. Bangladesh itakueleza makubaliano ya 1997 ya milima ya Chittagong. Beijing utafundishwa mengi kuhusu historia ya chama na jeshi lake, na mara nyingi utakaa na maofisa wa nchi nyingine za nje kuliko na Wachina. Uliza kuhusu sura waliyoiruka. Uliza kwa adabu, nje ya darasa, ikiwezekana wakati wa chakula.

Na ujifunze lugha kidogo. Hata maneno mia mbili ya Kihindi au Kichina yatakufungulia jiko la mess, bwalo la maofisa.

Darasa lenyewe likoje?

Watu 12 hadi 15, meza ya mviringo, vyeo vinaachwa mlangoni kwa kadiri inavyowezekana (haiwezekani sana, brigedia husubiriwa aongee kwanza, kwa hiyo mimi humpa zamu ya mwisho). Kinachosemwa ndani hakitoki nje na jina la msemaji. Kurasa za kusoma kwa usiku mmoja ni 60 hivi. Kila mwaka kuna anayelalamika kuwa ni nyingi, na kila mwaka ni yule aliyekuwa anasoma ujumbe wa simu chini ya meza.

Mnampimaje ofisa mwishoni?

Hakuna mtihani wa tarehe. Ninampa wilaya ya kubuni yenye ramani, bei za mazao, orodha ya makabila, idadi ya polisi na ripoti tatu zinazopingana kuhusu shambulio moja. Anapewa siku mbili aandike kurasa nne kwa mkuu wa mkoa, siyo kwa mkuu wa majeshi. Natafuta mambo mawili. Je, ameuliza ardhi ni ya nani? Na je, mahali popote kwenye zile kurasa nne amempa mtu ambaye si mwanajeshi kazi ya kufanya?

Mara ya kwanza nilipotoa zoezi hilo, karatasi tisa kati ya 14 ziliomba helikopta. Moja iliomba mtu wa upimaji wa ardhi na mkalimani. Nimeihifadhi.

Mimi ni raia. Naweza kuhudhuria?

Nafasi za raia kwa kawaida huenda kwa watumishi wa serikali walioteuliwa na wizara zao, kwa hiyo mlango wa kupitia ni mwajiri wako. Ukiwa mwanafunzi au mwandishi wa habari, mihadhara ya wazi hutokea mara chache. Vaa nadhifu, njoo na kitambulisho, na simu itabaki getini.